Vidukari kwenye bamia, msaada jamani

Mama Bustani, Mbezi: Wadau habari, bamia zangu chini ya majani pamejaa vidukari, vile vidudu vidogo vinavyofyonza majani, majani yananata yanajikunja. Sumu sitaki, watoto wanakula hizi. Nifanyeje?

Mkulima wa Uani: Pole dada. Maji lita 1, sabuni ya maji kijiko cha chai 1, pulizia jioni chini ya jani maana isipowagusa hawafi, mchana jua la Dar litababua majani.

Kunde Tamu: Ila angalia kwanza, ukiona wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi usipulizie hapo, hao na watoto wao weusi kama vimamba ndo wanakula vidukari, kunde zangu walisafisha wenyewe. Sisimizi fukuza, wanawalinda vidukari sababu wanataka yale maji matamu yanayonata ambayo vidukari wanatoa.

Mama Bustani: Mungu wangu, vile vyeusi nimekuwa naviponda wiki nzima! Asanteni sana.