Kadi za mwaliko wa usiku wa kupamba zenye msimbo wa QR: utasomwaje ikiwa simu haziruhusiwi ukumbini?

Muulizaji, Mji wa Kale, Mombasa:
Assalaam alaykum. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao, na usiku wa kupamba, yaani sherehe ya wanawake ya kumtazama bibi harusi aliyepambwa, utafanyika katika ukumbi mmoja wa Nyali, ambako tumelipia sahani 350. Katika harusi ya dada yetu mkubwa kadi moja iliwaingiza watu watano, biriani ikaisha kabla watu wa kwa bwana harusi hawajala, na fedheha ile mama hajaisahau hadi leo. Kaka amependekeza kila kadi iwe na msimbo wa QR. Shaka yangu ni kwamba wanawake huacha simu zao mlangoni, kwa kuwa ndani huvua mabuibui na hawataki kupigwa picha.

Mchapishaji kadi:
Wa alaykum salaam, dada. Mgeni hahitaji simu. Anayeihitaji ni yule anayepokea kadi. Kinachofichwa ndani ya msimbo ni nambari tu, ambayo simu ya mlangoni huilinganisha na orodha yenu na kuitia alama, ili kadi hiyohiyo, au picha yake iliyosambazwa kwa WhatsApp, isimwingize mtu wa pili. Wengi huchapisha msimbo mmoja kwenye kadi zote, na huo haumzuii yeyote. Nambari iwe fupi, kwa sababu maandishi yakirefuka, viraba vyeusi na vyeupe vya msimbo huongezeka na kuwa vidogo mno kusomeka. Mkitaka ua katikati ya msimbo, chagueni kiwango cha juu kabisa cha kujirekebisha, ambacho huvumilia takriban asilimia 30 ya msimbo kuharibika. Lakini nakshi za dhahabu zisiusogelee, kwani pembeni unataka nafasi tupu yenye upana wa viraba vinne. Rangi ya dhahabu inayong'aa isitumike kuchapia msimbo wenyewe, hata bibi harusi akililia.

Msimamizi wa mlango, Kisauni:
Nimewahi kusimamia kazi hii, na taabu haikuwa kadi bali mtandao. Tulikuwa na simu mbili, intaneti ikakatika, kila simu ikabaki na orodha yake, kwa hiyo kadi iliyopita kwangu ilipita tena kwa mwenzangu. Gawanyeni foleni: watu wa bibi harusi kwa simu moja, watu wa bwana harusi kwa nyingine, na kila simu iwe na nambari za upande wake tu. Simu hizo zishikwe na wanawake mnaowaamini na zisivuke pazia. Chapisheni pia orodha ya majina, maana nyanya aliyesahau kadi yake nyumbani hawezi kurudishwa Likoni usiku.

Muulizaji:
Nashukuru nyote. Foleni tutazigawa, na msimbo utakuwa mweusi juu ya karatasi nyeupe. Watoto je, mliwahesabu kwa kadi ya mama yao?

Msimamizi wa mlango, Kisauni:
Idadi iliandikwa kwenye orodha kando ya jina la mama, na bado walizidi kumi na mmoja. Ongezeni sahani.