Naomba ushauri: je, mazoezi ya kufuatilia pumzi yanasaidia kweli umakini?

Mhasibu wa Nkuhungu
Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mhasibu msaidizi, ninaishi Nkuhungu, ofisi yetu iko Mtumba, na ninajiandaa kwa mtihani wa bodi. Watoto wakishalala nafungua kitabu saa tatu usiku, lakini inafika saa tano bado niko ukurasa uleule. Jana nilirudia aya moja ya uchakavu wa mali mara nne huku akili ikiwa kwenye ada ya shule. Mwenzangu ofisini ananihimiza nikae kimya na kufuatilia pumzi, akisema ubongo hukua ndani ya wiki 8. Je, ni kweli, au nitapoteza hata huo muda mdogo nilio nao?

Mwalimu wa Saikolojia
Pole na majukumu, dada yangu. Hizo wiki 8 ni muda wa programu ya mazoezi ya aina hiyo aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani. Mwaka 2011 watafiti waliripoti kwamba watu 16 walioipitia waliongezeka tishu ya kijivu kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na habari hiyo ikaenea sana. Lakini utafiti wa mwaka 2022, uliohusisha watu zaidi ya 200, haukuliona badiliko hilo. Kwa hiyo usiyafanye kwa kutarajia ubongo ukue.

Kwa upande wa umakini, hali ni tofauti. Mwaka 2013, wanafunzi wa chuo kikuu huko California waliofundishwa mazoezi haya kwa wiki 2 walifanya vizuri zaidi katika kuelewa wanachosoma, na mawazo yao yalitangatanga kidogo kuliko awali. Unapokaa, akili itakwenda tu kwenye ada, hilo halikwepeki. Kazi yako ni kugundua kwamba imekwenda, kisha kuirudisha kwenye pumzi bila kujigombeza. Ukiirudisha mara ishirini, umefanya zoezi mara ishirini, na ustadi huohuo ndio utakaokurudisha kwenye aya ya uchakavu.

Mama Makole
Mwanangu, kabla ya pumzi, niambie unaamka saa ngapi.

Mhasibu wa Nkuhungu
Saa kumi na nusu alfajiri, mama, ili niwahi daladala.

Mama Makole
Basi hapo una deni la usingizi, na mtu mwenye usingizi hata pumzi haifuatilii, anasinzia. Lala saa tatu na nusu, kisha usome alfajiri nusu saa tu.

Mwalimu wa Saikolojia
Namuunga mkono mama kabisa. Zoezi lifanye ndani ya daladala, dakika kumi zinatosha kuanzia.

Mhasibu wa Nkuhungu
Nimejaribu leo asubuhi. Kabla hatujafika mjini akili ilikuwa imeshatoroka mara nyingi, ila safari hii niligundua kila ilipotoroka. Naomba kuuliza: ni lazima nifumbe macho? Naogopa kupitishwa kituo.

Mwalimu wa Saikolojia
Si lazima, dada. Tazama chini, mbele kidogo ya miguu yako, na usikilize pumzi inapopita puani.