Naomba ushauri: kipimo cha mkononi cha mabaki ya dawa kwenye nyama

Habari zenu wakuu. Nina bucha hapa Dodoma, ng'ombe nanunua mnada wa Msalato. Kinachonikosesha usingizi ni OTC, yaani oksitetrasaiklini, antibiotiki ya mifugo. Mfugaji anachoma sindano mwenyewe, ng'ombe asipopata nafuu anampeleka mnadani kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha. Juzi nilimkuta mmoja shingo bado imevimba palipochomwa, nikamwacha. Je, wale wasio na alama? Na kuchemsha hakuondoi dawa yote.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa oksitetrasaiklini ni mikrogramu 200 kwa kilo ya nyama, 1,200 kwa figo. Kipimo kisichoweza kugundua kiasi hicho kwangu hakina maana.

Naona kuna vijiti vya mfano wa kipimo cha mimba, na vihisi vidogo (sensor) vinavyosomwa kwa simu, ila vingi ni vya maziwa. Wataalamu wa mifugo, kuna anayetumia cha nyama? Sampuli mnaiandaaje, kusaga na kuchuja? Mkojo kabla ya kuchinja unatosha? Kikionyesha dawa, nathibitishia TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) au wapi? Na kipimo kimoja kinagharimu kiasi gani?