Binti kapata chuo, lakini fomu ya msaada inatuona matajiri. Naombeni ushauri

Mama Wawili, Houston

Wakuu, heshima kwenu. Niko Marekani mwaka wa kumi na tatu sasa, nabeba boksi kama wengi wenu: mimi nauguza wazee usiku, baba watoto anaendesha lori. Mtoto wetu wa pili, binti, kachaguliwa vyuo viwili. Kimoja ni chuo binafsi huko kaskazini, ambacho amekililia tangu darasa la tisa. Cha pili ni chuo cha jimbo, nusu saa kutoka nyumbani.

Kile anachokitaka, gharama ya mwaka ni dola 84,000. Wamempa 38,000 za bure, mkopo wa serikali 5,500 na kazi ya chuoni ya 3,000. Zinabaki 37,500 za kutoka mifukoni mwetu, na hiyo ni mara nne. Cha jimbo ni 32,000, wamempa 7,000, na akilala nyumbani tunaokoa kama 13,000.

Sasa njooni kwenye kilichoninyima usingizi. Tulijaza FAFSA, yaani fomu ya serikali ya kuombea msaada wa masomo, na ile ya CSS, ambayo baadhi ya vyuo huitumia kugawa fedha zao wenyewe, bila kuficha kitu. Kwa masomo ya 2026/27 wanaangalia kipato cha 2024. Huo ndio mwaka niliopiga shifti mbilimbili kwa sababu mama yangu alikuwa anasafishwa figo Dar. Pesa iliingia huku, ikatokea kule. Fomu imeona ilivyoingia tu. Mdogo wangu mjane na wanawe wawili nawalisha na kuwasomesha mimi, ila hawalali chini ya paa langu, kwa hiyo hawamo kwenye hesabu ya familia. Halafu ile nyumba yetu ya Bunju, kule Dar, iliyosimama kwenye lenta tangu 2021, imehesabiwa kuwa ni mali. Nina mwenzangu kazini, mzaliwa wa hapa, mshahara wetu unalingana. Yeye akiba yake ipo kwenye 401(k) ya uzeeni, na FAFSA haiigusi. Mimi uzee wangu niliujenga kwa tofali, na tofali ndizo zinaniponza.

Mwisho wa kujibu ni Mei mosi. Nifanyeje?

Kipanga

Dada na wewe, Bunju uliitaja ya nini? Nani angepanda ndege kuja kupima lenta?

Mzee wa Dispachi

Kipanga, usimchimbie mwenzako shimo. FAFSA unaisaini. Ukigundulika umedanganya kwa makusudi, sheria inataja faini hadi dola 20,000, au kifungo, au vyote. Mtu mwenye watoto wawili unamshauri hivyo?

Kipanga

Nilikuwa natania mzee.

Binti Lushoto

Shikamoo mama. Nilipokuwa nasoma nilifanya kazi ya mezani kwenye ofisi ya misaada ya chuo, miaka miwili, kufungua barua kama hiyo utakayoandika. Naomba nikueleze nilichoona.

Kwanza, punguza hasira na Bunju. Kwenye fomula ya serikali, mali ya mzazi inahesabiwa kwa kiwango kisichozidi asilimia 5.64. Hata kama uliandika dola 60,000, mchango wake kwenye makadirio ya kile mnachoweza kulipa hauvuki 3,400 hivi. Na hapa nina swali: uliandika kiasi ulichotumia kujenga, au bei ambayo mtu angeinunulia leo ilivyo? Wanachouliza ni hicho cha pili, ukitoa deni. Nyumba isiyo na paa haiuziki kwa jumla ya risiti za saruji. Rekebisha, ni halali kabisa.

Kinachokuumiza ni zile shifti. Kipato cha mzazi kikishapita makato, fomula inachukua hadi senti 47 kwa kila dola ya juu. Ulifanya kazi kupita kiasi mwaka mmoja, ukapimwa kama vile ndivyo unavyoishi siku zote.

Ofisi ya misaada ina mamlaka kisheria ya kubadilisha takwimu za mwanafunzi mmoja mmoja kama hali yake si ya kawaida. Matibabu yasiyolipwa na bima na kipato kilichoshuka ni sababu wanazozijua. Ndugu unaowalisha nyumbani, kuwahesabu ni hiari ya ofisi. Wengine wanaelewa, wengine hawaelewi. Andika ukurasa mmoja. Weka hati za mshahara za 2024 na za sasa ubavuni mwa ubavu, risiti za hospitali zikiwa na tafsiri, na kumbukumbu za pesa ulizotuma. Usiwafundishe haki. Barua ndefu za kulalamika tulikuwa tunazisoma mwisho, nisikudanganye.

Na waulize wazi: hizo 38,000 zitabaki vilevile hadi mwaka wa nne? Kuna vyuo vinatia asali mwaka wa kwanza.

Mama Wawili, Houston

Marahaba mwanangu. Niliandika nilichotumia. Kumbe!

Kaka yake naye yuko chuo mwaka wa pili. Zamani nilisikia wakiwa wawili mzigo unagawanywa.

Binti Lushoto

Kwenye FAFSA huo mgawanyo uliondolewa kuanzia 2024/25. Lakini vyuo vingi vinavyotumia CSS bado vinauangalia kwa fedha zao wenyewe. Hakikisha wanajua kaka yupo chuoni na analipa kiasi gani.

Mwalimu wa Kusini

Niko Tanzania, nisamehewe kuingilia. Huku nilikuwa na mwanafunzi aliyesomeshwa sekondari binafsi na paroko. Mama yake anauza vitumbua. Alipoomba mkopo wa chuo akaonekana katoka shule ya gharama. Tulizunguka na barua ya parokia wiki tatu. Kwa hiyo dada, fomu zinafanana, wino tu tofauti.

Mzee wa Dispachi

Nami niongeze hili, maana linaniudhi siku nyingi. Vyuo vinajisifu kwamba "tunatosheleza mahitaji yote ya mwanafunzi". Sawa, lakini anayepima hayo mahitaji ni nani? Ni chuo chenyewe! Wenye hazina nene wanaweza: Princeton waliondoa mikopo kwenye misaada yao tangu 2001, na MIT tangu 2025 familia yenye kipato chini ya dola 200,000 na mali ya kawaida hailipi ada. Vingine vinakuchagua kwa shangwe, kisha vinakuachia pengo ambalo mtumishi wa kawaida hawezi kuliziba. Mwanangu alikwenda cha jimbo. Leo ni mhandisi na hana deni. Pia msikimbilie mkopo wa wazazi, ule wa PLUS. Kuanzia Julai 2026, kwa wakopaji wapya umewekewa kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Pengo lako ni 37,500.

Mama Wawili, Houston

Jana tumekaa mezani na binti, tumechapa kumbukumbu zote za kutuma pesa za 2024. Kurasa kumi na moja. Alikuwa anasoma jina la bibi yake mstari baada ya mstari, akanyamaza. Kisha akasema yeye ndiye ataandika ile barua, Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu. Imekwenda leo asubuhi. Wakishusha hadi 20,000 tutasukumana nayo. Wasiposhusha, amekubali kulala nyumbani, ingawa mlango aliufunga kwa kishindo.

Fundi wa Bunju kanipigia tena, anataka hela ya mbao za kenchi. Nimemwambia asubiri hadi Mei mosi.