Walimu wangu wanaofundisha nje ya darasa wanakata tamaa. Niwasaidieje?

Mlezi wa Ratiba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Walimu na wazazi mliomo humu, naomba mnivumilie mpaka mwisho, jambo hili limenikaa moyoni tangu muhula uliopita.

Mimi ndiye msimamizi wa taaluma shuleni kwetu. Tuna walimu watatu ambao kila wiki huwatoa wanafunzi darasani na kwenda nao kwenye kijito kilicho nyuma ya shule na kichaka kinachopakana nacho. Wanapima kina cha maji, wanachora mimea, wanafuatilia ukingo unavyomeguka mvua zikinyesha. Nimefuatana nao mara mbili. Mara ya pili nilimwona mtoto ambaye darasani hatoi neno, amepiga magoti kando ya maji, anawaeleza wenzake kwa nini jiwe lile linateleza upande mmoja na upande wa pili ni kavu. Nikarudi ofisini nimeazimia kwamba kazi hii haifi mikononi mwangu.

Sasa inakufa. Mwalimu wa hisabati ameniambia muhula ujao hatoki tena. Watoto wakimuuliza jina la mdudu hajui, na anaona aibu. Wa pili anasema kipindi cha dakika 40 kinaishia njiani. Wa tatu, aliyeanzisha yote haya, hasemi kitu, na ndiye ninayemhofia zaidi. Anabeba kamba, ndoo na sanduku la huduma ya kwanza, huku akiangalia watoto 45 peke yake. Wapo walimu wenzake wanaosema anawapeleka watoto kucheza.

Niliwapeleka semina ya siku moja. Walirudi na ari na vyeti, wiki mbili baadaye mambo yakarudi palepale. Kisha nikawaomba waandike taarifa ya kila wanapotoka ili uongozi uone thamani ya kazi yao. Hapo nadhani niliwaongezea mzigo.

Nyinyi mliofundisha nje, au mliowahi kuwasimamia wanaofundisha nje, mtu wa nafasi yangu afanye nini hasa?

Mwalimu Mstaafu

Ndugu mleta uzi, pole na hongera. Pole kwa mzigo, hongera kwa kuuliza kabla hawajaacha.

Nimefundisha kwa njia hii miaka mingi. Kilichonidumisha kilikuwa mtu mmoja: mwalimu mwenzangu aliyekubali kutoka nami kila juma. Alishika mkia wa msafara nami nikashika kichwa. Tukirudi tunakaa kama robo saa tunaulizana: wapi watoto walichangamka, wapi walitupotea, kesho tubadili nini. Semina inampa mwalimu hamu ya kuanza. Ugumu wenyewe anakutana nao kijitoni, na kule mtoa semina hayupo. Kwa hiyo nenda nao wewe. Usiende na fomu ya ukaguzi, beba ndoo.

Huyo wa hisabati nimemwonea huruma, maana nami nilianza hivyohivyo. Mwambie jina ni jambo la mwisho. Mtoto akiuliza "huyu ni nani?", mwalimu ajibu "sijui, hebu tumtazame." Ana miguu mingapi? Yuko juu ya jiwe au chini yake? Ukiligeuza jiwe anakimbilia mwanga au giza? Watoto wampe jina la muda, wamchore, swali liandikwe kwenye daftari moja linaloning'inia darasani. Wiki ijayo kuna atakayekuja na jibu, na mara nyingi kalipata kwa bibi au babu yake anayelijua eneo lile kuliko sisi wote. Muiteni huyo mzee aje siku moja aseme kijito kilipita wapi zamani. Hilo halimo katika kitabu chochote cha kiada.

Halafu mwalimu huyo ana kitu ambacho wenzake hawana. Wapime mita 10 kando ya maji, waachie kijiti kielee, wahesabu sekunde. Kikitumia sekunde 20, maji ya juu yanakwenda nusu mita kwa sekunde. Wapime upana, tuseme mita 2, na kina cha wastani, tuseme mita 0.3. Zidisha vyote unapata mita za ujazo 0.3, yaani lita 300 kila sekunde. Maji ya chini hucheleweshwa na changarawe kwa hiyo ni ya polepole kuliko ya juu. Tukizidisha kwa 0.85 tunabaki na lita 255 hivi. Warudie baada ya mvua. Hakuna atakayeuliza tena hisabati ina faida gani, na mwalimu wenu hatakuwa na haja ya kujua jina la mdudu hata mmoja.

Kijana wa Chaki

Mimi ni mmoja wa walioacha. Niliacha baada ya mwaka mmoja na nusu, na bado naumia nikikumbuka.

Uchovu wa mwili ningeuvumilia. Kilichonishinda ni kwamba kila nilipotoka na watoto nilionekana mtoro. Vipindi vyangu vilikuwa vya kwanza kuchukuliwa likitokea tukio lolote shuleni, kwa sababu "wewe huwa unatoka tu." Hakuna kiongozi aliyesimama kwenye kikao cha walimu akasema kazi ile ni somo kamili. Mkuu, lisemee wewe, kwa sauti, wote wakisikia. Na uliandike kwenye ratiba. Vipindi viwili vya dakika 40 vifuatane ziwe dakika 80, viwe vya mwisho kabla ya mapumziko ili wakichelewa dakika tano wasigombane na mwalimu anayefuata.

Taarifa za kila wanapotoka zifute leo. Mimi nilikuwa naziandika usiku. Daftari la watoto ndilo taarifa. Ukitaka kujua kilichofanyika lifungue.

Daftari Jeusi

Samahani, nitasema tofauti kidogo. Watoto wetu wanapimwa kwa mitihani. Dakika 80 kila wiki kwenye kijito zinatoka kwenye somo gani? Sipingi, ila mzazi akiniuliza nataka niwe na jibu la kweli. Na mleta uzi ataulizwa hivyohivyo na wakaguzi.

Mwalimu Mstaafu

Swali zuri, Daftari. Zisitoke kwenye somo lolote. Mwalimu achukue andalio la somo alilonalo tayari, atafute mada mbili au tatu za muhula zinazofundishika vizuri zaidi nje, azipeleke huko. Wastani na grafu, ramani na uwiano, udongo unavyofyonza maji, insha ya maelezo: zote zimo kwenye mtaala. Ambalo halifundishiki vizuri nje libaki ndani. Nimeona walimu wakijilazimisha kufundishia nje mambo yanayohitaji ubao, watoto wakapigwa na jua bila kupata kitu.

Kuhusu wakaguzi, wakumbushwe kwamba wazo hili si geni. Mkutano wa serikali mbalimbali ulioitishwa na UNESCO na UNEP, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya elimu na ya mazingira, huko Tbilisi, Georgia, mwaka 1977 ulikubaliana kwamba elimu ya mazingira iwajengee watu mwamko, maarifa, mwelekeo, stadi na ushiriki. Hayo mawili ya mwisho ubao hauwezi kuyabeba peke yake.

Mama wa Wawili

Naandika kama mzazi. Mwanangu alirudi siku moja viatu vimelowa chapachapa, nikakasirika, nikapiga simu shuleni. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Mwalimu alisikitika sana, na nilipokuja kuelewa walichokuwa wakifanya niliona haya.

Kwa hiyo ndugu yangu, waandikieni wazazi barua moja mwanzoni mwa muhula. Iseme wanakwenda wapi, siku gani, wavae nini, nani ana mzio wa kuumwa na nyuki au ana pumu. Mwalimu asibebe simu za wazazi wenye hasira, zibebe wewe. Na mwisho wa barua waombeni wanaoweza kufuatana nao. Mimi sasa huenda mara mbili kwa mwezi. Nahesabu watoto wakitoka, wakifika, wakiondoka na wakirudi, basi. Mwalimu anabaki na kazi ya kufundisha. Watoto 45 kwa mtu mmoja kando ya maji ni hatari, nasema kwa heshima.

Mtu wa Mito

Kazi yangu ni kupima ubora wa maji, nami husaidia shule moja kila ninapopata nafasi. Mkitafuta mtaalamu, msimwombe aje kuhutubia. Mwombeni atembee na walimu peke yao kwanza, bila watoto, saa moja tu mahali palepale watakapofundishia. Hapo ndipo mwalimu anauliza yale anayoona aibu kuyauliza mbele ya darasa.

Mambo yenyewe si mengi. Geuzeni jiwe la kijitoni taratibu. Mkiona vijidudu bapa vyenye mikia mitatu membamba kama nyuzi, hao ni watoto wa wadudu warukao wanaohitaji maji yenye oksijeni ya kutosha. Mkiona tu viluwiluwi vyekundu kama vipande vya uzi kwenye tope, hao huvumilia maji yenye oksijeni kidogo. Wekundu wao ni himoglobini, kitu kinachobeba oksijeni, kama kwenye damu yetu. Mtoto akishajua hayo mawili, anaanza kukitazama kijito kwa jicho jingine kabisa. Lakini msitoe hukumu kwa siku moja. Rudini mahali palepale, kwa njia ileile, kila mwezi. Jiwe lirudishwe lilivyokaa, lilikuwa nyumba ya mtu.

Nyongeza ndogo niliyofundishwa na mwalimu mmoja: mkisimama duara kuzungumza, mwalimu ndiye atazame jua, watoto waligeuzie mgongo. Nusu ya utovu wa nidhamu nje ni macho yanayoumia.

Mlezi wa Ratiba

Wakuu, nimesoma yote, mengine mara mbili. Kijana wa Chaki, maneno yako yamenigusa sana, nimeona kosa langu humo.

Leo asubuhi nimewaita wote watatu. Nimewaambia taarifa zimefutwa, nikawaomba radhi. Ratiba mpya itaunganisha vipindi viwili siku ya Jumatano, na mimi mwenyewe nitashika mkia wa msafara mpaka tupate wazazi wa kutosha. Kwenye kikao cha walimu kijacho nitalisema mbele ya wote. Mwalimu wa hisabati nilimwonyesha hesabu ya kijiti. Hakusema anarudi. Aliuliza tu kama tuna kamba ya mita 10.

Aliyeanzisha kazi hii alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja ambalo sikuwa na jibu lake: mvua ya radi ikiwakuta huko, kanuni yetu ni ipi? Anasema limekuwa likimnyima usingizi muda wote huu, na hakuwa na wa kumwambia.

Mtu wa Mito

Mwambie hivi. Mkiona mmweko, hesabuni sekunde mpaka ngurumo isikike. Sauti hutumia kama sekunde 3 kwa kila kilomita. Ikisikika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, muwe mmeshaingia ndani ya jengo. Msirudi nje mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Msijifiche chini ya mti, na majini mtoke mara moja. Ila kwenu kijito kiko nyuma ya shule na watoto ni wengi, kwa hiyo msingoje hata kuhesabu: ngurumo ya kwanza ikisikika, mnarudi. Na uamuzi huo uwe wa mwalimu aliye kule, asilazimike kumpigia mtu simu kuomba ruhusa.

Mlezi wa Ratiba

Nimeichapa na kuitia saini, pamoja na hayo ya ruhusa. Nampelekea sasa hivi.