Kutia rangi vichwa vya fimbo za lakrosi hapa Dodoma: rangi gani, joto gani, michoro inakaaje?

KochaIpagala:
Wakuu, habari za leo. Tuna vichwa vya fimbo za lakrosi (mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu), vyeupe, vipya, nyavu bado hazijafungwa. Nataka kuvitia rangi kabla ya kuanza kusuka. Vingine viwe na bluu iliyokolea kwenye ncha, ififie taratibu mpaka weupe wa shingoni, pale kichwa kinapoungana na mti wa fimbo. Vingine viwe na michirizi, na ubavuni ibaki namba ya mchezaji kwa weupe.

Maelekezo mengi yanataja rangi za chupa za Marekani ambazo madukani hapa sizioni. Naomba kujua: rangi ya unga ya kutilia ukili, ile ya pakiti ndogo pale Majengo, itashika kwenye plastiki hii? Nta ya batiki inaweza kuzuia rangi sehemu ninazotaka zibaki nyeupe? Na moto wangu ni jiko la mkaa, kipimajoto sina. Kichwa kikipinda kwenye sufuria sina kingine cha kukibadilisha.

FundiRangi_Kikuyu:
Kocha, karibu. Kabla ya rangi, hakikisha plastiki yenyewe. Kichwa kizuri cha lakrosi ni nailoni, na nailoni inakubali rangi. Vile vya bei ya chini vya watoto vinaweza kuwa polipropilini au polithini, na hizo hazitiwi rangi hata uchemshe mchana kutwa. Kipimo ni rahisi: tumbukiza kwenye ndoo ya maji, futa mapovu ya hewa kwa kidole, achia. Nailoni inazama. Kinachoelea kiweke pembeni, usikipotezee mkaa.

Nailoni inataka rangi za asidi, yaani zile za kutilia sufi na hariri, ukiziwekea siki. Rangi za batiki zimetengenezwa kwa pamba na zinafanya kazi kwenye maji ya magadi au kostiki, hivyo hapa hazikufai. Rangi ya ukili itashika kiasi na itang'aa siku ya kwanza, ila jua letu litaipausha mapema. Ukikosa rangi ya asidi kabisa, tafuta rangi ya chakula. Rangi nyingi za chakula za viwandani ni rangi za asidi, na kwa siki na joto zinaingia kwenye nailoni vizuri. Nazo hupauka juani, lakini kwa majaribio na michoro midogo zinafaa sana.

Kipimo changu kwa rangi ya asidi ya unga: gramu 5 kwa lita moja ya maji ukitaka ikolee, gramu 1 hadi 2 ukitaka nyepesi. Siki nyeupe ya asilimia 5, mililita 60 kwa lita. Koroga unga kwanza na maji ya moto kidogo kwenye kikombe mpaka uishe wote, uchuje kwa kitambaa, ndipo umimine kwenye sufuria. Punje moja isiyoyeyuka ikigusa kichwa inaacha doa jeusi lisilotoka.

Maji ya bomba ya hapa, hasa ya visima vya Makutupora, ni magumu. Ule ugumu unakula sehemu ya siki na unafanya baadhi ya rangi zigande vipande vipande. Kama una maji ya mvua, tumia hayo. Kama huna, chemsha ya bomba, yaache yapoe na kutuama, mimina ya juu uache ukoko chini. Ukiwa na karatasi za kupimia asidi, lenga kati ya 4 na 5. Siki ongeza kwanza, rangi baadaye.

Joto sasa. Rangi inaanza kuingia vizuri nailoni inapofika nyuzi 80 hivi. Ukizidi 90 kichwa kinalainika mno, kikiegemea au kubanwa ni rahisi kupinda. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Bila kipimajoto fanya hivi: vipimo vitatu vya maji yanayotokota, kipimo kimoja cha maji ya kawaida ya ndoo. Unapata karibu na 78. Ukitaka joto la chini la kazi za gundi na stika, viwili kwa kimoja, unapata kama 72. Yaone maji yakitokota kweli, mapovu makubwa, si yale madogo ya kwanza. Na sufuria iwe imeshapata moto, vinginevyo inakunyang'anya nyuzi kadhaa. Halafu punguza mkaa ubaki wa kushikilia joto tu, na uwe na jagi la maji ya baridi karibu.

Kitu kinachoharibu vichwa vingi ni chini ya sufuria. Pale chuma kinapokaa juu ya mkaa kuna joto kuliko maji yenyewe, na ukuta wa kichwa ukiegemea hapo dakika mbili unapata wimbi. Pitisha waya kwenye tundu la skrubu shingoni, uning'inize kwenye mti uliolazwa juu ya sufuria, kichwa kielee katikati bila kugusa popote.

KochaIpagala:
Asante sana fundi, hapo kwenye kutokota nilikuwa sijui kabisa. Na ule mfifio wa bluu kwenda nyeupe? Kila picha ninayoiona ina mstari wazi pale maji yalipoishia.

FundiRangi_Kikuyu:
Mstari unatokana na kusimama. Usiache uso wa maji ukae sehemu moja hata kwa sekunde kumi. Osha kichwa kwa sabuni ya vyombo, suuza, pangusa kwa kitambaa chenye asetoni (haidhuru nailoni, ila iwe mbali na jiko), halafu usikiguse tena kwa mikono mitupu, maana mafuta ya vidole yanaacha alama za vidole kwenye rangi. Kiloweshe maji ya moto yasiyo na rangi. Kichwa kikavu kinanyonya kwa pupa pale kinapogusa rangi mara ya kwanza, na huo ndio mwanzo wa mstari.

Shika shingoni, ingiza ncha kwanza. Shusha mpaka robo tatu ya urefu kwa mara moja ya haraka, sekunde mbili tatu, pandisha mpaka nusu, kisha ubaki unapandisha na kushusha kwa mwendo mfupi wa sentimita mbili. Kila baada ya dakika mbili punguza kina kidogo. Dakika ya kumi mpaka kumi na tano iliyobaki majini ni ncha peke yake. Mkono usisimame. Ikitosha, peleka moja kwa moja kwenye beseni la maji ya baridi, dakika tano. Kumbuka rangi ikiwa mbichi inaonekana imekolea kuliko itakavyokuwa ikikauka.

Ukitaka rangi mbili, anza na nyepesi. Njano kote, kisha bluu kutoka nchani, katikati utapata kijani. Rangi hizi zinapitisha mwanga, hakuna nyepesi itakayofunika nzito. Nyeusi nayo ina tabia yake: mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na kila moja inaingia kwa kasi yake. Ukiitoa mapema inabaki zambarau au kijani. Ipe muda, dakika 20 au zaidi, na uiwekee rangi mara mbili ya kawaida.

MamaBatiki_Majengo:
Kocha, hukujibiwa la nta, nakujibu mimi. Nta ya mshumaa inayeyuka kati ya nyuzi 50 na 65. Kwenye batiki tunaipenda kwa sababu maji yetu ni ya baridi au vuguvugu. Kwenye sufuria la nyuzi 78 itayeyuka yote, ielee juu ya maji, halafu wakati unatoa kichwa kinapita katikati ya ile nta na kujipaka upya mahali usipotaka. Usiitumie kwa kuchovya.

Kufunga kwetu ndiko kunakuhamia bila shida. Kata mikanda ya tyubu ya baiskeli, upana wa sentimita moja au nusu, zungushia ukuta wa kichwa ukiwa unauvuta kwa nguvu, kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia. Mkanda wa tyubu unabana kote na haulegei kwenye moto, tofauti na rababendi nyepesi ambazo hulainika na kukatika. Pale rangi inapopenya pembeni ya mkanda utaona ukungu mwembamba wa rangi, na huo ndio uzuri wake. Angalizo moja: usifunge kutoka ukuta mmoja kwenda wa pili ukavivuta viwe karibu. Nailoni ikiwa ya moto inakariri lile umbo.

Njia nyingine ambayo sioni watu wakiijaribu ni kupaka uji wa rangi kwa brashi na kuuvukiza. Chukua gundi ya mgunga (utomvu mkavu wa mti huo), gramu 100, loweka kwenye mililita 100 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa cha pamba mara mbili, maana huwa na maganda na mchanga. Utapata uji mzito unaoshuka polepole kwenye kijiko. Kwa kijiko kimoja cha chakula cha uji, weka robo kijiko cha chai cha rangi ya asidi iliyoyeyushwa kwa matone ya maji ya moto, na kijiko cha chai cha siki. Chora. Uache ukauke mpaka usinate kidoleni. Kisha uvukize kwenye sufuria refu, maji chini, kichwa kikae juu ya wavu wa waya bila kubanwa, dakika 25 hadi 30, na chini ya mfuniko weka kitambaa cha kunyonya matone. Tone moja la mvuke likidondoka kwenye mchoro linauburuza wote. Acha kipoe hapo hapo ndipo ukitoe, suuza kwa maji ya baridi mpaka ule utelezi uishe.

Kwa njia hii unaweza kuweka rangi tano kwenye kichwa kimoja bila kuchovya mara tano.

StikaNaMaandishi_Sabasaba:
Kwa namba: nenda kwa fundi yeyote wa stika za bajaji na bodaboda, akukatie kwa mashine namba za stika ya vinaili. Mwambie upande unaonata uwe wa kudumu, si ile ya kubanduka kirahisi. Ukuta wa kichwa una mpindo, kwa hiyo namba zisizidi upana wa ubavu, na pembe zake ziwe za mviringo kwa sababu pembe kali ndizo huinuka kwanza. Bandika, pasha kwa mashine ya kukaushia nywele, kandamiza kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda nje. Ukingoni pitisha rangi ya kucha isiyo na rangi, mstari mwembamba, uache ukauke vizuri. Baada ya kazi unaitoa kwa asetoni. Chovya kwa joto la chini, lile la viwili kwa kimoja, na usizidishe dakika 15.

KochaIpagala:
Mama Batiki, shikamoo, na asante. Stika nimeelewa pia. Vipi gundi ya moto, ile ya vijiti ya bastola, kwa michirizi?

MamaBatiki_Majengo:
Marahaba. Inafaa, lakini nayo inaanza kulainika karibu na nyuzi 75 au 80, vijiti vinatofautiana. Tumia 70 na rangi nzito, uache dakika 25 badala ya kupandisha moto. Usipapase kichwa kikiwa ndani. Baadaye weka kwenye friza nusu saa, michirizi itabanduka mizima. Ikigoma, tia tone la spiriti kwenye ukingo.

FundiRangi_Kikuyu:
Naongeza kwa sababu mtu atauliza: rangi ikikosewa, usitie jiki. Klorini inaila nailoni, inaifanya njano na dhaifu, na kichwa kitapasuka kwenye kipigo cha kwanza. Unga wa haidrosalfaiti, ule wa wenye batiki, unaondoa rangi nyingi za asidi: kijiko cha chai kwa lita ya maji ya nyuzi 70, dakika 10 hadi 15. Fanya nje penye upepo, harufu yake inakaba kifua. Weupe wa mwanzo haurudi wote, kwa hiyo rudia kwa rangi nzito kuliko ya kwanza.

Kikipinda, kirudishe kwenye maji ya 80 dakika tatu, kinyooshe kwa mkono ukiwa na glavu nene, kishikilie kwenye maji ya baridi mpaka kikaze. Baada ya hapo kikaushe kivulini siku mbili kabla ya kusuka wavu. Nailoni iliyotoka majini ina unyevu na inanepa, ukisuka hapo hapo kamba zitakaa vibaya kikishakauka. Kinyume chake, kuanzia Mei mpaka Novemba hewa ya hapa ni kavu sana na kichwa kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Msimu huo viloweke maji ya kawaida usiku mmoja mara kwa mara, vitarudisha unyumbufu.

Sufuria ya rangi isirudi jikoni kupikia, na vaa barakoa unapopima unga.

KochaIpagala:
Nimeelewa. Jumamosi naanza na kimoja cha kuchovya, gramu 2 kwa lita, nione bluu yenyewe inavyokaa. Cha pili nitapaka uji wa mgunga. Mama Batiki, ile gundi inauzwa Majengo au niagize Singida?

MamaBatiki_Majengo:
Uliza kwanza kwa wauza dawa za asili sokoni, wengi wanayo kwa vipande. Chagua iliyo angavu ya rangi ya asali. Ile nyeusi ina magome, itakuchafulia njano yako.