Kilele cha mpigo kinatoka bapa: silikoni, almasi au diodi ya ombwe?

Cheche_5ns
Wadau, naomba ushauri. Chanzo ni plazma ya cheche ndani ya ombwe, mpigo wa nanosekunde 5, mionzi kuanzia urujuanimno hadi eksirei za keV 2 (kiloelektronivolti, kipimo cha nishati; keV 1 ni eV 1000). Kigunduzi ni diodi ya PIN ya silikoni (kipande kinachogeuza mionzi kuwa mkondo wa umeme), imewekewa volti 50, ishara inasomwa kwenye omu 50, sentimita 30 kutoka kwenye chanzo. Kwenye osiloskopu (chombo kinachochora ishara ya umeme) kilele ni bapa kama meza, kisha mkia unaburuzika nanosekunde 40. Nibadilishe kigunduzi?

KathodiDhahabu
Kilele bapa na mkia ni ugonjwa mmoja. Silikoni hutoa A 0.27 kwa kila wati ya eksirei, kwani jozi moja ya elektroni na tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni, nayo hubeba chaji) hugharimu eV 3.65. Ukitaka usomaji wa kuaminika, ishara isizidi sehemu ya kumi ya volteji ya diodi: kwako ni volti 5, yaani mA 100. Mkondo huo unatokana na wati 0.37 tu! Ukipita hapo, volteji iliyobaki kwenye diodi inaporomoka, chaji zinatembea polepole, ndipo mkia unapozaliwa.

Kwa mwanga mkali hivyo ningechukua diodi ya ombwe: mionzi hung'oa elektroni kutoka bamba moja, kathodi, nazo huruka hadi bamba la pili. Pengo la mm 1 kwa volti 1000 elektroni hulivuka kwa nanosekunde 0.1 hivi. Msongamano wa elektroni huweka kikomo karibu na A 7 kwa kila sentimita ya mraba, lakini A 7 kwenye omu 50 ni volti 350, kwa hiyo usipite A 2. Kapasita ya nF 10 kando ya diodi inatosha: mpigo wa A 2 kwa nanosekunde 5 unaishusha volti 1 tu. Kathodi iwe ya dhahabu; alumini huota oksidi na usikivu wake hubadilika. Mafuta ya pampu ya ombwe nayo huiharibu kathodi.

Almasi13
Kigunduzi cha almasi kisidharauliwe. Jozi hugharimu eV 13, kwa hiyo usikivu hushuka mara tatu na nusu, inavumilia volti mamia, na haioni mwanga wa kawaida: huanza kuitikia chini ya nm 225 hivi.

Ila kabla ya kununua chochote, sogeza silikoni hadi mita 3 kwa bomba la ombwe. Mwanga unapungua mara 100.

Cheche_5ns
Nikisogea, nitajuaje kinachobaki ni eksirei na si kelele za cheche?

KathodiDhahabu
Funika kigunduzi kwa bamba la chuma la mm 1. Kinachobaki ni kelele za umeme. Tafuta kinga ya kebo iliyolegea au nyaya za ardhi zilizounda kitanzi. Kisha badala ya bamba weka kioo cha kwazi: kitazuia eksirei zako zote na kupitisha urujuanimno wa kawaida na mwanga unaoonekana. Ukiona ishara hapo ujue silikoni inasoma mwanga huo, basi weka chujio la berili la mikroni 10. Likague dhidi ya taa kali kwanza. Tundu dogo kama ncha ya sindano linaharibu kipimo kizima.

Almasi13
Na kebo. Mita 10 za RG-58 (kebo nyembamba ya koaksi) hupunguza ishara ya GHz 1 kwa desibeli 6 au zaidi, hivyo mpando mkali wa mpigo unafika umelala. Tumia kebo nene zaidi, na kipunguza ishara kikae kwenye mlango wa osiloskopu.